"Nilikuwa namjibu nani?" Jibu kwa afisa mikopo anayejitetea bila kuulizwa

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nina miaka 29, ni afisa mikopo wa vikundi vya akina mama. Mwezi uliopita tulichukua cherehani ya mama mmoja aliyeshindwa rejesho la wiki tatu. Anashona sare za shule. Njiani wenzangu walikuwa wanacheka, nami nikacheka. Usiku nikajikuta namweleza mke wangu kwa nini tulikuwa sahihi: alisaini mwenyewe, nisingeenda mimi angeenda mwingine, wenzake wa kikundi ndio waliosukuma, na wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara huu. Mke wangu hakuwa ameniuliza chochote. Nilikuwa namjibu nani? Natamani kuacha kazi lakini siwezi. Je, najidanganya?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nilieleze. Husemi uongo. Karibu kila sababu uliyomtajia mkeo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imekukaa. Tatizo ni kwamba unachukua jibu la swali moja na kulijibia swali lingine. Ukiulizwa kwa nini uko kwenye kazi hiyo, ada ya wadogo zako ni jibu kamili, na hakuna mwenye haki ya kukudharau kwa hilo. Ukiulizwa kwa nini cherehani ya yule mama ilitolewa nyumbani kwake siku ile, ada si jibu. Maswali hayo mawili yameshikana kichwani mwako, na kila usiku la kwanza linalifunika la pili.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu hawezi kutulia akiwa amebeba mambo mawili yanayopingana, kwa mfano "mimi ni mtu mwema" na "nimemfanyia mwenzangu jambo baya". Moja lazima lisogee. Tendo likishafanyika halirudi, kwa hiyo kinachosogea ni maelezo yake. Miaka miwili baadaye, yeye na James Carlsmith walichapisha jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi walipewa kazi ya kuchosha kwa muda wa saa nzima: kupanga vibiringo kwenye trei na kuvitoa tena, kisha kuzungusha vigingi robo mzunguko, kimoja baada ya kingine. Walipomaliza, wakaombwa wamwambie anayefuata kwamba kazi ile inafurahisha. Wengine walilipwa dola 20 kwa maneno hayo, wengine dola 1. Baadaye wakaulizwa wao wenyewe waliionaje. Waliolipwa dola 20 hawakuisifu. Waliosema kwamba ilikuwa na raha yake ni wale wa dola 1. Mwenye dola 20 alikuwa na sababu mfukoni. Mwenye dola 1 hakuwa nayo, ikabidi aitafute moyoni.

Nakuomba usipite hapo haraka, maana wengi hudhani ni kinyume. Tunadhani mtu hutetea kazi kwa sababu inamlipa vizuri. Kwa watu ninaozungumza nao katika kazi yangu ya ushauri nasaha, mara nyingi naona anayelipwa kidogo ndiye anayeitetea kwa nguvu zaidi. Mwalimu wa shule binafsi ambaye mshahara wake umechelewa miezi mitatu atakwambia ualimu ni wito. Mlinzi wa usiku atakwambia bila yeye mtaa mzima ungeibiwa. Huenda yote mawili ni kweli, na sisemi wito haupo. Nasema kwamba mshahara ukiwa haujitoshelezi kuwa sababu, moyo unalazimika kulipia upungufu uliobaki. Waajiri wanalijua hilo hata kama hawajasoma saikolojia. Ndiyo maana pale ambapo posho imekatwa, hotuba za kuwasifu wafanyakazi kwa kujitoa huongezeka.

Sisi nasi tuna mzigo wetu wa ziada. Tumekulia katika nchi ambayo kazi ni kipimo cha utu. Uhuru na Kazi ndiyo ilikuwa kaulimbiu yetu tangu 1961, na 2015 tukapewa nyingine, Hapa Kazi Tu. Kanisani tumesikia asiyefanya kazi na asile, na msikitini tumehimizwa kutafuta riziki ya halali kwa jasho letu. Ni mafundisho mazuri. Lakini kijana aliyekaa mtaani miaka miwili baada ya chuo akitembeza bahasha, siku akipata kazi hapewi nafasi ya kusema kwamba hiyo kazi inamuumiza. Akijaribu, ataambiwa "shukuru Mungu, wenzako hawana". Basi anajifunza kushukuru kwa sauti na kuumia kimya.

Sasa twende kwenye swali lako kubwa, ulikuwa unamjibu nani. Kuna jambo ambalo watafiti waliomfuata Festinger waliligundua, nalo linakuhusu moja kwa moja. Mtu hujitetea pale tu anapohisi kwamba alikuwa na hiari fulani. Majaribio ya aina ileile yaliporudiwa, wakati huu watu wakiamriwa bila kupewa nafasi ya kukataa, wale waliolipwa kidogo hawakubadilisha maoni yao. Hawakuhitaji, kwa sababu wangeweza kusema "niliambiwa". Wewe unaniambia huna jinsi, kisha papo hapo unamweleza mkeo kwa nini ulikuwa sahihi. Mtu asiye na jinsi kabisa hana haja ya kuwa sahihi. Kwa hiyo mimi nasikia kwamba kuna sehemu ya nafsi yako inayojua kuwa siku ile kulikuwa na upenyo. Sisemi upenyo wa kuacha kazi. Ni upenyo mdogo zaidi: wa kuomba rejesho lipangwe upya, wa kusema tuchukue kitu kingine na si cherehani, wa kutocheka. Huyo anayejua ndiye uliyekuwa unamjibu. Usimnyamazishe, ndiye atakayekusaidia.

Nizipitie sababu zako, ingawa hazina uzito sawa.

"Alisaini mwenyewe." Ndiyo. Lakini wewe ni afisa mikopo, unaijua biashara ya sare kuliko karani aliyeandaa ile fomu. Sare zinauzwa shule zinapokaribia kufunguliwa, Januari na Julai. Katikati hapo fundi anashona viraka na kupunguza suruali. Mkopo wake ulianza kudaiwa kila wiki mara tu baada ya kuchukuliwa, kana kwamba fedha inaingia kila wiki. Sahihi yake inathibitisha kwamba alikubali, haithibitishi kwamba ratiba ile ililingana na maisha yake. Na cherehani ndiyo ingelipa deni. Hata mtu asiye na huruma hata chembe, anayetazama hesabu tu, angeona kwamba kumnyang'anya fundi cherehani ni kuukausha mkopo wenyewe.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa kila afisa mikopo alijue. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, inapoeleza mali ya mdaiwa inayoweza kukamatwa kukaza hukumu ya mahakama, yaani kuitekeleza, inaviweka pembeni baadhi ya vitu: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Mali iliyowekwa dhamana kwa maandishi ina taratibu zake, na hilo mwanasheria atakueleza vizuri kuliko mimi. Ila jiulize: mahakama yenyewe, ikiwa na hukumu mkononi, inaambiwa iache zana ya fundi. Ninyi mlikuwa na hati gani? Muulize meneja wako wa tawi swali hilo kwa maandishi na kwa heshima. Muulize pia kama cherehani bado iko stoo, na kama mteja akileta sehemu ya deni inaweza kurudishwa ili amalizie kwa kushona. Mkopo kupangwa upya ni utaratibu wa kawaida katika kazi hii. Hutakuwa umeomba muujiza.

"Nisingeenda mimi angeenda mwingine." Hii huwa ni kweli, na ndiyo inayotumika zaidi katika kila kazi ya namna hii. Stanley Milgram, yule aliyechunguza utii miaka ya 1960, aliona kwamba watu 26 kati ya 40 walikubali kuendelea mpaka mwisho kumpiga mwenzao shoti za umeme walizoamini ni za kweli, kwa sababu tu msimamizi aliwaambia waendelee. Watu wanaikumbuka namba hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba katika jaribio jingine la Milgram, mshiriki aliwekwa pamoja na wenzake wawili, na wale wawili wakakataa kuendelea. Hapo waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Kwa hiyo ni kweli kwamba angeenda mwingine. Lakini huyo mwingine angeenda akiwa amekusikia wewe ukisema nini? Mlikuwa zaidi ya mmoja kwenye ule msafara, na sidhani kama ni wewe pekee unayekosa usingizi. Yuko mwenzako aliyecheka kwa sababu wewe ulicheka.

"Kikundi ndicho kilichosukuma." Ndivyo mfumo ulivyopangwa. Mkopo wa kikundi unafanya jirani awe mdhamini wa jirani, ili asipolipa mmoja wengine walipe. Mfumo huo ulipata heshima kubwa duniani, na 2006 Muhammad Yunus na benki aliyoianzisha kwa mikopo ya aina hiyo, Grameen Bank ya Bangladesh, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miaka minne baadaye, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, ziliripotiwa habari za wakopaji kujiua baada ya kubanwa na maafisa na wanakikundi wenzao, na Oktoba 2010 serikali ya jimbo ikatoa amri ya kisheria kuzidhibiti taasisi za mikopo midogo. Mfumo ni uleule. Kilichobadilika ni kasi, faida iliyokuwa ikitafutwa, na idadi ya mikopo iliyorundikwa kwa mtu mmoja. Wale akina mama waliosukuma hawana roho mbaya. Wanaogopa kulipa deni lisilo lao, na ninyi mnaogopa meneja, meneja anaogopa makao makuu, na makao makuu yana wawekezaji wao. Kila mmoja anaonyesha kidole kwa anayefuata, na cherehani inaondoka bila kuwepo mtu hata mmoja anayesema "nimeichukua mimi".

Sababu ya nne, wadogo zako, ndiyo nzito, nami nitakaa nayo. Gresham Sykes na David Matza waliandika mwaka 1957 kuhusu vijana waliovunja sheria na maneno waliyoyatumia kujitetea. Mojawapo ni kujitetea kwa uaminifu mkubwa zaidi: nilifanya kwa ajili ya wenzangu, kwa ajili ya ndugu. Kwetu sababu hii ina nguvu kuliko zote, kwa kuwa mtoto wa kwanza aliyesoma huwa hana mshahara wake peke yake. Hakuna atakayekupinga ukiitaja. Na hapo ndipo penye hatari, kwani sababu isiyopingwa na mtu yeyote inaweza kufunika lolote.

Nimeona mahali inakofikisha watu. Miaka inapita, na wale uliowasomesha wanageuka kuwa wadaiwa wako bila wao kujua. Kila cherehani, kila friji, kila godoro unaliandika kwenye deni lao. Siku mmoja wao akifeli mtihani, au akichagua kozi usiyoipenda, au akioa bila kukushirikisha, utamwambia, "Unajua nimefanya mambo gani kwa ajili yako?" Hatajua. Hakuwahi kukuomba uyafanye. Aliomba ada. Wapo watu wazima wanaokuja kwangu kwa sababu kaka au dada aliyewalea hakuwahi kuwasamehe kosa ambalo hawakulitenda.

Kwa hiyo nakushauri uitunze sababu hii, lakini uiache ifanye kazi yake tu. Wadogo zako ni sababu ya wewe kuamka asubuhi na kwenda kazini. Usiwafanye pia kuwa sababu ya namna unavyomtendea mteja.

Kilichonisumbua zaidi katika barua yako ni kicheko. Mshahara unakutaka ukusanye marejesho. Haukutaki umdharau anayeshindwa. Dharau inaongezwa na sisi wenyewe, kwa kuwa inapunguza maumivu haraka kuliko kitu chochote. Albert Bandura, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza namna watu wema wanavyozima dhamiri, aliweka kumlaumu aliyeumizwa na kumwondolea utu miongoni mwa njia hizo. Ofisini kwenu sauti zake unazijua: "hawa ni wasumbufu", "mwanamke wa kikundi bila kubanwa halipi", "hela ya vitenge anayo". Ukizirudia muda mrefu zitaacha kuwa maneno ya ofisini. Utaanza kumtazama hivyo shangazi yako anapokuomba nauli.

Badala yake, jaribu kusema ukweli wote kwa sentensi moja, ukiwa peke yako: "Nimechukua cherehani ya mtu mwenye shida kwa sababu naogopa kukosa mshahara." Ni sentensi chungu. Lakini haimtukani yule mama, haikudanganyi wewe, wala haiwatwishi wadogo zako mzigo. Na inaacha maswali wazi: naogopa kiasi gani? Mshahara ukikosekana tunaweza kuishi miezi mingapi? Kuna njia nyingine ya kudai? Ukishasema "alisaini mwenyewe", hakuna swali linalobaki, umefunga.

Sitaki uelewe kwamba kazi yote ya mikopo ni uovu. Januari 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Zilionyesha kwamba mikopo midogo inasaidia kiasi, hasa kumpa mtu nafasi ya kupanga biashara na matumizi yake, bila kumtoa kwenye umaskini kama ilivyotangazwa. Kwa hiyo usiifanye kazi yako kuwa ukombozi wa wanawake, na usiifanye kuwa dhambi isiyosameheka. Ila hakikisha jambo moja mapema: mwajiri wako ana leseni? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha anatakiwa kuwa nayo, na kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kama unakofanyia kazi ni kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza, isiyo na leseni, ushauri wangu unabadilika: tafuta pa kwenda haraka, kwa kuwa hapo hata uhuru wako uko hatarini.

Mwisho, "siwezi kuacha". Inawezekana ni kweli leo. Lakini neno hilo limebeba vizuizi kadhaa kwa pamoja, na mara nyingi baadhi yake havipo. Maafisa wengi wa mikopo huamini kwamba wakiondoka, madeni ya wateja wao yatakatwa kwenye haki zao yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Mwajiri akitaka kukata kwa ajili ya hasara, ni lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Mteja kushindwa biashara si kosa lako. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na akiondoka ana haki ya kupewa cheti cha utumishi. Ikitokea wameifanya kazi isivumilike mpaka ukalazimika kuacha, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeachishwa, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kizuizi kingine hukukitaja, lakini nimekiona kwa wengi wa kazi yako: mkopo wa mfanyakazi. Kama nawe umekopa kwa mwajiri wako, omba taarifa ya deni lililobaki, kwa maandishi, wiki hii. Usikope tena hapo, hata kwa ada. Kisha kaa na mkeo na wadogo zako wote wawili, uwawekee mezani mshahara, deni na ada kama zilivyo. Kama mmoja wao yuko chuo na hana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, muangalie pamoja kama anaweza kuomba dirisha litakapofunguliwa tena. Waambie unatafuta kazi nyingine, na kwamba kwa muda fedha inaweza kupungua. Usiwasimulie ya cherehani kana kwamba wao ndio waliokutuma. Ukishapata taarifa ya deni na majibu ya meneja, niandikie tena, tuone ni akiba ya miezi mingapi itakayokutosha.